Uzi, Hesabu ya Mkono au Kompyuta: Kuchagua Njia ya Kutafuta Chanzo cha Matone ya Damu

Mchunguzi anayesimama mbele ya ukuta uliotapakaa vidoa vya damu ana maswali mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka huonekana kuwa moja. La kwanza ni damu ilianzia sehemu gani ya chumba, yaani kama timazi ingening'inizwa kutoka pale matone yalipoanzia safari yake, ncha yake ingegusa wapi sakafuni. La pili ni damu ilianzia kimo gani: usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, aliyeketi, au aliyekwisha kuanguka. Nimewasikia wachunguzi wazuri wakibishana kwa muda mrefu kuhusu njia iliyo bora kati ya kuvuta nyuzi, kupiga hesabu kwa mkono na kutumia programu ya kompyuta, bila yeyote kati yao kutaja ni lipi kati ya maswali hayo mawili analotaka kulijibu. Kwa maoni yangu, swali ndilo linalopaswa kuchagua njia. Njia zote tatu zinachota maji katika kisima kimoja, yaani kipimo cha doa, na aliyepima vibaya hataokolewa na chombo chochote, kiwe cha bei nafuu au cha gharama kubwa.

Kisima chenyewe

Tone la damu linaposafiri hewani hukaribia kuwa na umbo la tufe, kwa kuwa mkazo wa uso wa kimiminika hulikusanya pande zote. Likiugonga uso ulio laini kwa pembe mraba, huacha doa la mviringo. Likiugonga kwa kulalia, huacha doa la duaradufu, na kadiri linavyolalia ndivyo duaradufu inavyorefuka na kuwa nyembamba. Uwiano wa upana wa duaradufu hiyo kwa urefu wake ni sawa na saini, ile ya trigonometria, ya pembe ambayo tone liliugongea uso. Kanuni hii fupi ndiyo inayobeba kazi yote inayofuata.

Haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1895 Eduard Piotrowski, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya tiba ya sheria mjini Kraków, alichapisha utafiti kuhusu namna madoa ya damu yanavyotokea, yanavyopata umbo na yanavyotawanyika baada ya mapigo ya kichwani. Mwaka 1939 Victor Balthazard na wenzake nchini Ufaransa waliuhusisha uwiano wa upana na urefu wa doa na pembe ya mgongano. Nchini Marekani, Paul Kirk alitoa kiapo cha kitaalamu mwaka 1955 katika kesi ya daktari Sam Sheppard, aliyehukumiwa kwa mauaji ya mkewe, akieleza kile ambacho damu ya chumbani ilimwonyesha, na mwaka 1971 Herbert MacDonell akachapisha kazi iliyowafundisha wapelelezi wengi namna ya kupima na kuhesabu. Nyuzi, karatasi na kompyuta vimekuja kama vyombo vya kuitumia kanuni ileile.

Tuchukue doa moja tulitazame kwa karibu. Liko sakafuni, juu ya kigae cheupe, na chini ya lenzi ya kukuza linaonekana kama mbegu ya tikiti yenye mkia mwembamba upande mmoja. Mkia unaonyesha uelekeo wa safari, kwa hiyo damu ilitoka upande ulio kinyume na mkia. Ukiliwekea rula yenye milimita unapata upana wa milimita 3.0. Urefu ndio wenye mtego: ukipima mpaka mwisho wa mkia utapata milimita 9 au zaidi, lakini mkia si sehemu ya duaradufu. Unapaswa kuifuata kingo ya nyuma iliyo safi, kisha kuifunga duaradufu kwa macho upande wa mkia kana kwamba mkia haupo, na hapo unapata milimita 6.0. Upana ukigawanywa kwa urefu unatoa 0.5, na pembe yenye saini ya 0.5 ni nyuzi 30, yaani digrii 30. Anayekubali kuingiza mkia wote anapata uwiano wa 0.33 na pembe ya takriban nyuzi 19, na hakuna programu duniani itakayomnong'oneza kwamba amekosea.

Kosa dogo nalo lina uzito wake, na uzito huo haulingani kwa kila doa. Kama upana wa doa letu ungesomwa kuwa milimita 3.2 badala ya 3.0, pembe ingepanda kutoka nyuzi 30 hadi takriban 32, tofauti ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Sasa chukua doa lililo karibu na mviringo, lenye urefu wa milimita 4.0. Upana wa 3.8 unatoa pembe ya takriban nyuzi 72. Upana wa 3.9 unatoa nyuzi 77. Upana wa 4.0 unatoa nyuzi 90. Sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo ni upana wa unywele, imetusogeza nyuzi 5 mara ya kwanza na nyuzi 13 mara ya pili. Ndiyo maana madoa ya mviringo hayafai kubebeshwa hesabu ya chanzo, hata yakiwa safi na ya kuvutia kiasi gani, na ndiyo maana kazi ya kuchagua madoa ina thamani kuliko kazi ya kuchagua chombo. Madoa marefu kiasi, yenye kingo safi, yaliyo kwenye uso mgumu usionyonya, na yaliyotawanyika pande zote za ruwaza, yaani mpangilio mzima wa madoa, badala ya kukusanyika pembe moja, ndiyo yanayostahili kupimwa. Kumi hadi ishirini ya aina hiyo yanafaa kuliko mia moja yaliyookotwa ovyo.

Kuvuta nyuzi

Njia ya nyuzi ndiyo inayoonekana kwa macho. Kila doa lililochaguliwa hupewa namba na kupigwa picha, pembe yake huhesabiwa, kisha uzi hubandikwa kwa tepu kwenye kingo ya nyuma ya doa, huinuliwa kwa msaada wa kipimapembe mpaka ufikie pembe iliyohesabiwa, na ncha yake ya pili hufungwa kwenye nguzo iliyosimamishwa wima juu ya eneo la makutano, yaani pale mistari inayochorwa kurudi nyuma kutoka kwenye madoa inapokutana. Nyuzi zikishafika kumi na kuendelea, huanza kukaribiana katika sehemu moja ya hewa, na sehemu hiyo, ambayo huwa na ukubwa wa mpira au zaidi wala si nukta, ndiyo eneo la chanzo.

Sifa yake kubwa ni uwazi. Mwanafunzi ambaye hesabu za trigonometria zilimpita shuleni huelewa ndani ya nusu saa, na hakimu anayetazama picha ya nyuzi hizo anaona kile ambacho mchunguzi anakidai. Uzi unaotoka nje ya kundi hujitangaza wenyewe. Unaliona doa ambalo huenda ni la tukio jingine, au ulilolipima vibaya, kabla hujaandika chochote. Kwa kufundishia sijaona mbadala wake.

Gharama yake, hata hivyo, hulipwa na eneo la tukio lenyewe. Tepu hubandikwa karibu na ushahidi au juu yake. Katika zoezi moja la mafunzo nililosimamia, ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya zamani, na tulipobandua tepu ya uzi wa saba ikatoka na ganda la rangi la ukubwa wa ukucha pamoja na nusu ya doa la jirani ambalo lilikuwa bado halijapigwa picha ya karibu. Lilikuwa zoezi, damu ilikuwa ya mnyama, na hasara ilikuwa somo. Katika chumba cha kweli kingekuwa kielelezo kilichopotea milele. Nyuzi ndefu hulegea katikati, kipimapembe huteleza kwa digrii moja au mbili pasipo mtu kugundua, na mchunguzi hulazimika kupiga magoti, kuegemea na kuvuka juu ya damu kwa saa nyingi, jambo ambalo ni hatari kwa afya yake na kwa usafi wa ushahidi. Kwa hiyo anayechagua nyuzi ahakikishe kwanza kwamba sampuli za vinasaba zimekwisha kuchukuliwa, na kwamba picha zote, za mbali, za kati na za karibu zenye kipimo, ziko salama.

Udhaifu mwingine husemwa mara chache, nao unanisumbua zaidi. Nguzo ya wima inayosimamishwa kabla ya nyuzi kufungwa humwalika mchunguzi kuzileta nyuzi pale anapoamini chanzo kilikuwa. Mkono unaoshika uzi ni mkono wa mtu ambaye tayari amesikia simulizi ya tukio. Kama njia hii itatumika, pembe zote zipimwe na ziandikwe kabla uzi wa kwanza haujavutwa, na anayevuta asiwe na ruhusa ya kuzibadilisha.

Kuhesabu kwa karatasi na kikokotoo

Njia ya pili inaacha hewa ya chumba bila kitu. Mchunguzi huchora mstari kupitia mhimili mrefu wa kila doa kuelekea nyuma, kwenye uso ulelule ambao madoa yapo, na mahali mistari inapokutana ndipo eneo la makutano. Kisha hupima umbali kutoka kila doa hadi eneo hilo, na kuuzidisha kwa tanjenti ya pembe ya mgongano. Kwa doa letu la nyuzi 30, kama liko sentimita 120 kutoka eneo la makutano, kimo ni 120 mara 0.577, yaani takriban sentimita 69. Upana ukisomwa kwa lile kosa la milimita 0.2, kimo kinakuwa takriban sentimita 76. Sentimita sita au saba zimezaliwa na kosa ambalo jicho halilioni, na hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini jibu la kazi hii haliwezi kuwa namba moja isiyo na ukingo.

Inahitaji rula, lenzi, utepe wa kupimia na kikokotoo. Haigusi damu, na mistari inaweza kuchorwa kwenye mchoro wa vipimo badala ya sakafu. Yeyote anaweza kurudia hesabu, iwe ni msimamizi anayekagua, mtaalamu wa upande wa utetezi, au mchunguzi mwenyewe miaka mitano baadaye akiwa kizimbani. Sijui njia nyingine iliyo rahisi kukaguliwa hivi, na kwa kazi inayoweza kumfunga mtu, jambo hilo lina uzito.

Kikomo chake kinategemea uso. Madoa yakiwa sakafuni, au juu ya meza, mistari inayochorwa iko kwenye ulalo, na makutano yake ni jibu safi la swali la kwanza. Yakiwa ukutani, mistari inayochorwa ukutani imebeba ndani yake athari ya mvutano wa dunia, kwa sababu inachanganya mwendo wa kwenda pembeni na mwendo wa kupanda na kushuka. Makutano yake kwa kawaida hukaa juu kuliko inavyopaswa, na huwa yamesambaa. Mtu anaweza kuyarekebisha kwa hesabu ya ziada inayouhamishia kila mstari kwenye ramani ya sakafu, lakini hapo hesabu inarefuka, nafasi za kukosea zinaongezeka, na madoa yakiwa juu ya kuta mbili na dari, karatasi huelemewa.

Kompyuta, na kile inachobadilisha kwa kweli

Alfred Carter, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada, alitengeneza programu ya BackTrack iliyovuta nyuzi za kufikirika badala ya nyuzi za pamba. Programu nyingine, HemoSpat, inafanya kazi kwa mtindo huohuo kwa kutumia picha za madoa. Siku hizi picha hizo huunganishwa na skana za leza, kama zile za FARO, zinazopima chumba kizima kwa mamilioni ya nukta, ili kila doa likae mahali pake halisi katika mfano wa pande tatu.

Utaratibu wake ni huu: kila doa hupigwa picha kamera ikiwa imeutazama uso kwa pembe mraba, pamoja na kipimo na alama ya wima inayotokana na timazi, mahali pa doa chumbani hupimwa, kisha mezani, kwa utulivu, mchunguzi huweka duaradufu juu ya picha iliyokuzwa na programu hukokotoa pembe, uelekeo na mstari wa kurudi nyuma. Mistari yote huonyeshwa kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni, pamoja na wastani na mtawanyiko wake.

Faida ya kwanza si kasi, ingawa kasi ipo. Faida ya kwanza ni kwamba duaradufu inawekwa juu ya picha iliyokuzwa, na uwekaji huo unabaki kwenye kumbukumbu. Mtaalamu mwingine anaweza kulifungua faili, akaona mstari ulipopita kwenye kingo, akasema kwamba mkia umeingizwa kwa kosa. Faida ya pili ni kuta: madoa yaliyo kwenye nyuso kadhaa hushughulikiwa pamoja, na mtazamo wa kutoka juu hutolewa bila hesabu ya ziada. Faida ya tatu ni kwamba eneo la tukio linaweza kufungwa mapema na familia ikarudishiwa nyumba yake, jambo ambalo watu wa fani yangu hulisahau kwa urahisi.

Hasara zake ni za kimyakimya. Kamera iliyoinama huibana duaradufu na kuibadilisha pembe, na kosa hilo halionekani tena picha ikishaondoka eneo la tukio. Alama ya wima ikikosewa, uelekeo wa madoa yote yaliyo kwenye picha unazunguka pamoja, na matokeo yanakubaliana vizuri kabisa huku yakiwa yote si sahihi. Picha ya pande tatu yenye mistari ya rangi hupendeza mno, na katika chumba cha mahakama kupendeza huko kunaweza kuchukuliwa kama uthibitisho. Namba inayotoka na tarakimu mbili baada ya nukta huvaa sura ya usahihi ambao doa la milimita 6 halina uwezo wa kuutoa. Gharama ya programu, skana na mafunzo ni kubwa, na maabara inayovinunua bila kutenga muda wa kufanya majaribio ya mara kwa mara juu ya mirusho ambayo chanzo chake kinajulikana imenunua mapambo.

Kosa ambalo njia zote tatu zinashiriki

Uzi ni mstari ulionyooka. Tanjenti ni ya mstari ulionyooka. Nyuzi za kufikirika za kompyuta, katika programu zinazotumiwa zaidi, nazo zimenyooka. Tone la damu halisafiri hivyo. Mvutano wa dunia hulivuta chini na hewa hulipunguza mwendo, kwa hiyo njia yake ni ya kupinda, na mstari ulionyooka unaorudishwa nyuma kutoka kwenye doa hupita juu ya njia ya kweli.

Ukubwa wa kosa unaweza kukadiriwa. Tone linalosafiri mita 1.5 kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde liko hewani kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na bila kuhesabu ukinzani wa hewa, mstari ulionyooka utazidisha kimo kwa takriban sentimita 5. Tone jingine likisafiri umbali huohuo kwa mita 5 kwa sekunde linakaa hewani sekunde 0.3, na kosa linakuwa takriban sentimita 44. Sentimita 44 ndizo tofauti kati ya mtu aliyepiga magoti na mtu aliyesimama akiwa ameinama. Doa lenyewe halitangazi waziwazi lilikuja kwa mwendo gani, ingawa madoa yaliyokuwa bado yanapanda yalipougonga ukuta kwa kawaida ndiyo yanayofaa kuchaguliwa. Watafiti wa mwendo wa vimiminika, akiwemo Daniel Attinger aliyeongoza mapitio yaliyochapishwa mwaka 2013, wamejitahidi kuingiza fizikia hiyo katika hesabu, na huko ndiko ninakotarajia fani itakakokwenda.

Sasa rudi kwenye maswali yale mawili. Mvutano wa dunia huvuta chini, hauvuti pembeni. Hewa tulivu hupunguza mwendo lakini haigeuzi uelekeo wa ulalo. Ukilitazama tone kutoka juu, kana kwamba uko darini, safari yake ni mstari ulionyooka kweli. Maana yake ni kwamba jibu la swali la kwanza, la mahali sakafuni, linaweza kuaminiwa kwa njia zote tatu kama vipimo ni vizuri, na jibu la swali la pili, la kimo, ni kikomo cha juu. Chanzo hakikuwa juu ya hapo; chini ya hapo kingeweza kuwa.

Kabla ya kuchagua chochote

Hesabu hizi zote zinadhani kwamba ruwaza iliyo mbele yako ni mrusho wa mgongano, yaani damu iliyopigwa ikatawanyika kutoka mahali pamoja. Damu iliyorushwa na silaha inayopungwa haina chanzo kimoja, kwa kuwa silaha ilikuwa ikisafiri. Damu iliyopulizwa kwa pumzi kutoka puani au kinywani huweza kufanana sana na mrusho wa pigo, na vidoa vidogo kwenye nguo vinaweza kuwa vimeachwa na mguso tu. Ukiipeleka ruwaza isiyo yake kwenye programu, programu itakupa chanzo bila kulalamika.

Na utambuzi huo si kazi nyepesi kama wengine wanavyoisimulia. Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2009 ilisema wazi kwamba mashaka yaliyomo katika uchambuzi wa ruwaza za damu ni makubwa mno, na kwamba maoni ya wachambuzi yameegemea mtazamo binafsi wa mtu zaidi kuliko sayansi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioshirikisha wachambuzi 75 waliopewa sampuli ambazo asili yake ilikuwa inajulikana, ulikuta kwamba takriban asilimia 11 ya majibu yao yalikuwa na makosa. Ninazitaja namba hizi kwa sababu naipenda kazi hii na nataka iheshimiwe kwa haki; mchambuzi asiyeweza kuzitaja mbele ya mahakama hajajiandaa kutoa ushahidi.

Ningechagua nini, na lini

Madoa yakiwa sakafuni au kwenye uso mmoja wa ulalo, na swali likiwa pigo lilitokea sehemu gani ya chumba, ningechagua karatasi na kikokotoo bila kusita. Ni njia safi, haigusi ushahidi, na jibu lake katika mazingira hayo halipungui ubora hata kidogo likilinganishwa na la skana. Mara nyingi hata kimo hakihitajiki. Kama pande zote mbili za kesi zinakubali kwamba mtu alikuwa ameanguka, na ubishi ni kama alikuwa mlangoni au kitandani, eneo la makutano linatosha, na kuendelea kutafuta kimo ni kuzalisha namba ambayo itashambuliwa bila kuwa na kazi.

Madoa yakiwa kwenye kuta mbili au zaidi, au ukutani na darini pamoja, ningechagua kompyuta, mradi aliyepiga picha awe ameutazama uso kwa pembe mraba na timazi iwe imetumika. Ningemwomba mtu asiyejua simulizi ya tukio aziweke duaradufu upya kwenye madoa yaleyale, kisha ningelinganisha majibu mawili. Tofauti kati yao ni kipimo cha kweli cha mashaka kuliko mtawanyiko ambao programu inautangaza yenyewe. Madoa matatu au manne ningeyahesabu pia kwa mkono, ili kujiridhisha kwamba kosa la kuingiza vipimo halijajificha nyuma ya picha nzuri.

Nyuzi ningeziweka kwa ajili ya darasa, na kwa ajili ya eneo la tukio ambalo halina umeme wa uhakika, halina kamera inayofaa, na lina nyuso zinazostahimili tepu. Hapo uzi unaovutwa kwa uangalifu, baada ya sampuli na picha, ni bora mara nyingi kuliko picha za simu zilizopigwa kwa pembe ya kuinama ambazo mtu atajaribu kuzinyoosha baadaye mezani. Anayechagua nyuzi aandike kila pembe, kila umbali na kila mahali pa doa, ili hesabu ya mkono iweze kufanyika upya hata baada ya nyuzi kukunjwa.

Damu ikiwa kwenye zulia, blanketi au nguo ya kusokotwa, nisingechagua yoyote kati ya hizo tatu. Kitambaa hunyonya, nyuzi zake huivuta damu kuelekea upande wake, na kingo ya duaradufu hupotea. Kinachopimwa hapo ni tabia ya kitambaa zaidi kuliko pembe ya tone. Ruwaza ielezwe kwa maneno na picha, mahali pake pawekwe kwenye ramani, na hesabu iachwe.

Lililobaki ni namna ya kuandika matokeo, ambako kazi nzuri huharibika mara nyingi. Ripoti isiseme kwamba chanzo kilikuwa sentimita 95 kutoka sakafuni. Iseme kwamba madoa 14 yalichaguliwa kwa vigezo vilivyotajwa, kwamba yanaelekea eneo la sakafu lenye upana fulani lililoonyeshwa kwenye mchoro, kwamba kwa kutumia mistari iliyonyooka kimo cha chanzo hakikuzidi takriban sentimita 95, na kwamba kimo cha kweli huenda kilikuwa chini zaidi ya hapo. Itaje pia madoa yaliyoachwa na sababu ya kuachwa kwake. Na isimtaje mtu: damu iliyopimwa hivi inaweza kuonyesha mahali, lakini ni nani alisimama mahali hapo, na kwa nini, ni maswali ambayo pembe ya doa haina jibu lake.